Msoma mita za maji: Kenyatta, kiharusi na mishipa ya shingo

Mjomba wangu ni fundi wa mabomba Bofa. Kama unazijua zile nyumba za wageni zilizojipanga kati ya barabara na bahari, kaskazini kidogo mwa mji wa Kilifi, huenda umewahi kuoga maji yaliyopita mikononi mwake. Kazi kubwa huko si kuunganisha bomba jipya, ni kuhangaika na la zamani. Maji ya visima vyetu yana chumvi na chokaa, na ile chokaa hujenga ganda ndani ya bomba polepole, mwaka baada ya mwaka, hakuna anayeliona, mpaka siku mwenye nyumba anafungua shawa anapata matone.

Mwaka jana akiwa kazini, spana ilimponyoka. Mkono wa kulia ukawa kama si wake. Alipotaka kumwita kijana anayemsaidia, maneno yalitoka yamepondeka. Dakika kumi hivi, halafu kila kitu kikarudi sawa. Akanywa maji, akamaliza kazi, akaenda zake. Nyumbani hakusema kitu. Wiki mbili baadaye, lilipomtoka kwa bahati mbaya katika mazungumzo, alisema ni upepo tu ulimpitia. Msomaji wa Pwani anajua upepo ni nini. Wewe wa Nairobi, muulize rafiki yako wa huku.

Daktari hakuuita upepo. Alisema ni kiharusi cha kupita, yaani damu ilikatika kidogo kwenye ubongo kisha ikarudi, na kwamba mtu akiona dalili kama hiyo asingoje hata siku moja, maana hatari ya kiharusi chenyewe huwa kubwa zaidi siku chache za mwanzo. Akampima presha na sukari, kisha akamtuma Mombasa akapigwe picha. Si ya kichwa tu. Ya shingo pia.

Tukiwa kwenye matatu, tumeshavuka daraja la Kilifi, mjomba akaanza habari za Mzee Kenyatta. Alizaliwa mwaka 1966, kwa hivyo alikuwa mtoto wa shule siku ile redio ya taifa ilipoacha vipindi vyake ikabaki na muziki wa huzuni. Anakumbuka wazee wakinong'onezana kwamba Mzee alikuwa mgonjwa miaka mingi, ila hakuna aliyethubutu kulisema hadharani. Akaniuliza kama Mzee naye aliwahi kupigwa picha ya shingo. Mimi niliyesoma nikakosa jibu. Niliporudi nikaanza kupekua maisha yake upya, na jambo la kwanza lililonisimamisha ni kwamba kabla hajawa mkubwa wa chochote, Jomo Kenyatta alikuwa mtu wa mabomba.

Alizaliwa Kamau, mwana wa Muigai, upande wa Gatundu, katika miaka ya 1890. Siku yenyewe haijulikani, na hata mwaka watu hubishana; kwao hakukuwa na vyeti. Baba alifariki mapema, na baba mdogo Ngengi akamchukua mama yake, ndipo kijana akaitwa Kamau wa Ngengi. Mama naye hakukaa sana. Babu yake, Kungu wa Magana, alikuwa mganga, na mtoto alikuwa akiandamana naye kumsaidia kazi. Ukitaka kujua kwa nini alipokuja kuandika kitabu juu ya watu wake alieleza mambo ya uganga kwa heshima na si kwa kejeli, sababu ni huyo babu.

Hospitali za Wazungu nazo alizifahamu mapema. Akiwa bado mdogo, miguu yake iliharibiwa na funza hadi mguu mmoja ukahitaji upasuaji, na waliomtibu ni wamishonari wa Kanisa la Scotland. Mwaka 1909 akajiunga na shule yao ya Thogoto. Aliosha vyombo, akapalilia bustani, akajifunza kusoma, akawekwa kwa fundi seremala. Wanaosimulia wanasema darasani hakuwa nyota. Mwaka 1914 alibatizwa akaitwa Johnstone, na kama vijana wengine wengi wa enzi hizo, akateremka Nairobi kutafuta kazi na maisha.

Nairobi ilimpendeza. Alivaa vizuri, na kiunoni alifunga mkanda wa shanga ulioitwa kinyata, ambao wengi wanasema ndio uliozaa jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alipata kazi katika idara ya maji ya manispaa: karani wa stoo na msoma mita. Mshahara ulikuwa shilingi 250 kwa mwezi, pesa nzito kwa Mwafrika wakati ule. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka mji, kufunua kifuniko, kuinama, kusoma namba, kuandika. Maji mangapi yamepita hapa? Wapi yanavuja? Nyumba gani inatumia kuliko inavyosema?

Nikaifikiria kazi hiyo siku nzima, kwa sababu tulichokwenda kufanyiwa Mombasa ni hichohicho.

Ubongo wako ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu moja ya tano ya oksijeni yote. Damu huufikia kwa mabomba manne: mawili membamba yanapanda nyuma kupitia mifupa ya shingo, na mawili makubwa yanapanda mbele, kulia na kushoto. Weka vidole viwili kando ya koo, chini ya taya. Hilo linalodunda ni bomba lako la mbele. Upana wake ni kama milimita 6, na ukuta wake kwa kijana mwenye afya haufiki milimita moja. Karibu na usawa wa juu wa kongomeo, bomba hilo hugawanyika matawi mawili, moja la uso na jingine la ubongo. Pale panapogawanyika ndipo damu inapopiga kona na kuzunguka ovyo, na ndipo mafuta yanapopenda kujishikiza ukutani. Presha, sigara, kisukari na kolesteroli nyingi huongeza kasi. Utando ule hukua kwa miongo, si kwa miezi. Siku kipande kikichanika, damu huganda juu yake, na tone la damu iliyoganda likipanda juu, linaziba mshipa mdogo ndani ya kichwa. Hicho ni kiharusi. Mtu hakusikia maumivu hata siku moja kabla.

Turudi kwa msoma mita. Chama cha Kikuyu Central Association kilimtaka, na mwaka 1928 akawa katibu wake mkuu na mhariri wa gazeti lake, Muigwithania. Mwaka 1929 alipanda meli kwenda London kupeleka malalamiko ya ardhi. Alirudi, na 1931 akaenda tena, safari hii akakaa miaka 15. Watu husahau urefu huo. Miaka 15 ugenini, mingi yake bila pesa, kodi ya nyumba ikimlemea. Alifika hadi Moscow. Alisoma anthropolojia chini ya Malinowski pale London School of Economics, na 1938 akachapisha Facing Mount Kenya. Aliigiza kama mtu wa ziada katika filamu ya Sanders of the River ili apate riziki. Vita vya pili vilipokuja alikwenda kulima mashambani Sussex. Mwaka 1945 alikuwa Manchester kwenye mkutano wa Waafrika na watu weusi wa dunia, na Septemba 1946 meli yake ikatia nanga Mombasa. Pwani ndiyo iliyompokea aliporudi, na Pwani hiihii ndiyo iliyomtoa duniani.

Yaliyofuata umeyasoma shuleni mara elfu: urais wa KAU 1947, kukamatwa Oktoba 1952, kesi ya Kapenguria, kifungo cha miaka saba na kazi ngumu mwezi Aprili 1953. Alipelekwa Lokitaung, huko juu kabisa karibu na mipaka ya Sudan na Ethiopia, kwenye joto na mawe. Kwa kuwa alikuwa na umri mkubwa kuliko wenzake, kazi yake ilikuwa kuwapikia. Rais wa kwanza wa Kenya alikuwa mpishi wa jela, na sijui kwa nini hatuambiwi hivyo mara nyingi zaidi.

Sasa angalia saa za dunia zinavyochekesha. Mwaka 1951 daktari wa Canada aitwaye Miller Fisher aliandika kwamba viharusi vingi vinavyodhaniwa kuanzia kichwani kumbe vinaanzia shingoni. Mwaka 1953, mwaka ambao Kenyatta alifungwa, daktari Michael DeBakey kule Houston alifungua mshipa wa shingo wa mgonjwa akakwangua utando akaufunga tena, na mgonjwa akaishi. Mwaka 1954 madaktari wa hospitali ya St Mary's, London, mji ule aliokaa Kenyatta miaka 15, walifanya upasuaji wa aina hiyo na habari zikaenea. Yaani elimu ya kuzibua ilikuja kabla ya elimu ya kuchungulia. Ili waone mshipa umeziba wapi, ilibidi wachome sindano shingoni, waingize dawa, wapige eksirei. Lilikuwa jambo la hatari, si la kufanyiwa mtu asiyeumwa.

Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961 akiwa na umri wa kukaribia 70. Hebu tulia hapo. Katika umri ambao wengi wamestaafu, yeye ndio kwanza alikuwa anaanza. Oktoba 1963 alibadilishana barua na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, kuhusu ukanda wa maili kumi wa Pwani uliokuwa chini ya Sultani, ukaingia Kenya kwa ahadi, mojawapo ikiwa mahakama za kadhi kubaki. Bofa imo ndani ya ukanda huo. Desemba 12, 1963 bendera ikapanda, na mwaka mmoja baadaye akawa rais. Hospitali kubwa ya Nairobi iliyobeba jina la Mfalme George wa Sita ikapewa jina lake.

Mwaka 1966 alipata kiharusi cha kwanza. Kilikuwa chepesi. Taifa halikuambiwa. Mei 1968 kikaja cha pili, kizito zaidi. Taifa halikuambiwa vilevile, lakini wanasiasa walijua, na jinsi walivyolichukua jambo hilo inaonyesha uzito wa mshipa mmoja wa damu. Mwaka huohuo Katiba ilibadilishwa. Rais akifa au akishindwa na kazi, makamu angeshika usukani kwa siku 90 tu, kisha uchaguzi. Umri wa chini wa kugombea ukawekwa miaka 35. Kulikuwa na waliotaka 40, ambao ungemzuia Tom Mboya, aliyekuwa hata hajafika hapo. Soma kifungu kile polepole utaona kwamba kiliandikwa na watu waliokuwa wakiwaza hali ya mzee mmoja bila kumtaja.

Nilimwambia mjomba jibu la swali lake. Hapana, Mzee hakupigwa picha ya shingo alipopata viharusi vile, kwa sababu mashine yenyewe haikuwepo popote duniani.

Elimu ya nyuma yake ilikuwepo, na ni ya zamani ajabu. Mwaka 1842, huko Prague, mwalimu wa hisabati aitwaye Christian Doppler alieleza kwamba wimbi hubadilika kulingana na mwendo wa kitu kinachokuja au kinachokwenda. Yeye aliwaza nyota. Miaka mitatu baadaye mtu mwingine akalijaribu kwa sauti: alipandisha wapiga tarumbeta kwenye treni na kuwaweka wanamuziki kando ya reli wasikilize noti inavyopanda na kushuka. Wewe unalisikia kila siku boda boda ikikupita kwa kasi hapo kwenye lami: mlio mwembamba inapokuja, mzito ikishapita. Iliwachukua watu zaidi ya miaka 100 kulirudisha wazo hilo ndani ya mwili, wakatupa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwenye chembe za damu zinazokimbia na kupima mwangwi wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Washington, mji wa Seattle, kundi la Eugene Strandness liliunganisha vitu viwili katika mashine moja: picha ya ukuta wa mshipa, na kasi ya damu iliyomo ndani. Bomba na mita, pamoja.

Mjomba alilala chali. Msichana wa kupiga picha, mdogo kuliko mimi, alimwomba ageuze uso, akampaka jeli ya baridi, akatembeza kifaa kama cha kunyolea kutoka shingoni chini hadi kwenye taya. Hakuna sindano, hakuna mionzi. Kwenye skrini palitokea handaki jeusi lenye kuta mbili za kijivu. Alibonyeza, rangi nyekundu na buluu zikajaa. Alibonyeza tena, tukasikia damu: shuu, shuu, shuu. Mjomba akatabasamu. Sauti hiyo anaifahamu.

Kisha akaanza kupima. Kwanza unene wa ukuta. Ukikuta sehemu imevimba kufikia milimita 1.5 au zaidi, hiyo haiitwi ukuta tena, inaitwa plaki, utando wenyewe. Pili kasi. Fundi wa mabomba haihitaji maelezo: bana mpira wa maji, maji yanachomoka kwa kasi. Damu ikipita kwenye tawi la ubongo kwa zaidi ya sentimita 125 kwa sekunde, kuna shaka mshipa umebanwa kwa nusu au zaidi. Ikipita 230, umebanwa kwa asilimia 70 au zaidi, na hapo kwa mtu aliyekwishaonyesha dalili mazungumzo ya upasuaji huanza, maana utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini uliotolewa 1991 ulionyesha upasuaji huwasaidia sana watu hao. Chini ya hapo, mara nyingi ni vidonge: vya kupunguza kolesteroli, vya kuzuia damu kuganda, vya presha. Na kurudi. Picha moja inakuambia upo wapi. Picha ya pili baada ya miezi kadhaa, pahali palepale, ndiyo inayokuambia utando unakua, umetulia au umebadilika. Huo ndio usomaji mita. Namba ya leo peke yake haina bili.

Ya mjomba ilikuwa upande wa kushoto, na kubanwa kwake hakukufika nusu. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye maneno. Spana na ulimi, vyote vikapata maelezo.

Usidhani picha hii ingeeleza kila kiharusi. Vingine hutoka kwenye moyo unaodunda vibaya, vingine kwenye mishipa midogo ndani kabisa ya kichwa iliyochakazwa na presha. Lakini utando wa shingo na ule wa moyo ni ugonjwa mmoja uliokaa vyumba viwili, na shingo ndicho chumba chenye dirisha. Ndiyo maana watafiti wanakwenda na mashine hizi mitaani. Katika mradi wa AWI-Gen, maelfu ya watu wa umri wa kati ya miaka 40 na 60 katika nchi nne za Afrika walipimwa unene wa ukuta wa mishipa ya shingo, na kwa upande wa Kenya waliopimwa ni wakazi wa Korogocho na Viwandani, Nairobi. Yale maneno ya zamani kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri na Wazungu, mtu ayaseme kwingine. Na hapa kwetu Kilifi, watafiti wa kituo cha KEMRI, safari fupi tu ya boda kutoka Bofa, walipofuatilia presha za watu walipata dalili kwamba malaria ya utotoni inaweza kuacha alama yake kwenye presha ya ukubwani. Sisi tuliokua tukichomwa sindano za malaria kila msimu wa mvua tuna la kufikiria.

Kenyatta, baada ya 1968, aliishi miaka kumi zaidi. Haikuwa miaka midogo. Mboya aliuawa Nairobi Julai 1969. Oktoba mwaka huo Mzee alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, akarushiana maneno makali na Oginga Odinga mbele ya umati, na walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku ya kufungua hospitali. Wengi wanaolisimulia jambo hilo hulisimulia kama siasa tupu, na ni siasa kweli; mimi kila nikilisoma huwa nakumbuka pia kwamba jukwaani alikuwa mzee aliyepita viharusi viwili, kwa siri.

Kadiri miaka ilivyokwenda, alichoka. Jongo lilimsumbua, moyo ulimsumbua. Wanaochunguza utawala wake wanasema kufikia katikati ya miaka ya 1970 shughuli za kila siku za serikali ziliendeshwa na watu waliomzunguka. Alihama kati ya Gatundu, Nakuru na Mombasa, na serikali ikahama naye. Jioni alipenda kutazama vikundi vya ngoma. Joto la Pwani lilimfaa, na likizo za Mombasa zikawa ndefu.

Mwaka 1976 wanasiasa fulani, akina Kihika Kimani na Njoroge Mungai, walianza mikutano ya kutaka Katiba ibadilishwe ili makamu wa rais, Daniel arap Moi, asirithi kiti hata kwa zile siku 90. Hawakusema Mzee ni mgonjwa. Hawangeweza. Lakini ni nini kingine walichokuwa wakikisema? Oktoba mwaka huo Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo aliwakumbusha watu kwamba kisheria, kuwaza au kupanga kifo cha rais ni uhaini, na adhabu yake ni kifo. Mikutano ikanyamaza. Ugonjwa wa mzee mmoja, ambao leo ungepimwa kwa jeli na dakika 30, ukawa jambo la kunyongewa mtu.

Ndiyo hao wazee waliokuwa wakinong'onezana wakati mjomba ni mtoto. Na nilipomuuliza kwa nini naye alikaa wiki mbili kimya na mkono wake, alijibu kwamba fundi akisikika mgonjwa hapewi kazi. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ni kweli. Mwenye nyumba akisikia fundi alipooza mkono, atatafuta fundi mwingine kesho yake. Rais aliogopa kupoteza nchi, mjomba aliogopa kupoteza wateja watano wa Bofa, na hofu ikawafanya wote wawili watende vilevile.

Agosti 1978 Kenyatta alikuwa Mombasa. Katikati ya mwezi aliikusanya familia yake yote, hata mwanawe Peter Magana akaja kutoka Uingereza. Agosti 21 alikuwa Msambweni, pwani ya kusini, kwenye shughuli na ngoma. Usiku wa kuamkia Agosti 22, katika Ikulu ya Mombasa, moyo ulisimama. Eliud Mahihu, mkuu wa mkoa wa Pwani, alikuwa miongoni mwa waliopiga simu usiku ule. Mwili ulirushwa Nairobi, na nchi ikatangaziwa baadaye siku hiyohiyo. Moi aliapishwa kushika nafasi kwa siku 90, kwa kifungu kilekile cha 1968, na hakuondoka kwa miaka 24. Mzee alizikwa Agosti 31 katika uwanja wa Bunge.

Mwaka huo wa 1978 mashine ya Seattle ilikuwa tayari inatumika katika hospitali chache za Marekani. Leo, kipimo hichohicho kinafanywa katika hospitali kubwa za Nairobi na Mombasa, ikiwemo ile yenye jina lake. Tatizo ni gharama na umbali: kwa mtu wa Bofa ni nauli ya kwenda na kurudi, siku moja bila kazi, na malipo ya kipimo chenyewe. Mjomba aliuza mashine yake ya zamani ya kukata mabomba. Alisema haina haja tena, siku hizi mabomba ni ya plastiki.

Jioni ile tuliporudi tulipitia barazani pake, wenzake wakiwa wanakunywa kahawa. Nilidhani atapita moja kwa moja. Akaketi, akatoa karatasi ya picha kwenye bahasha, akaipitisha mkono kwa mkono, akawaonyesha kwa kidole ganda lilipo. Mmoja wao, mvuvi aliyezeeka, akaitazama kwa muda, kisha akasema naye mwezi uliopita jicho moja lilimzima ghafla, dakika chache, likarudi. Alidhani ni jua. Mjomba akaniangalia, nami nikatoa simu nikaanza kutafuta namba ya kliniki.